BMX ya zamani, inchi 20: kuvua rangi na kuifunga upya nyumbani

Kizota20
Habari wakuu. Nina BMX ya chuma, ringi za inchi 20 zenye spoku 36, krenki ile ya kipande kimoja (mikono yote miwili ni chuma kimoja kilichokunjwa). Rangi ya bluu ya fremu imebanduka, foki na usukani ni kromu yenye madoa ya kutu. Breki ni ya kukanyaga kinyume. Nimekwama sehemu mbili: nati ya krenki upande wa kushoto imegoma hata kwa spana ndefu, na bomba la kiti limeganda ndani ya fremu. Nataka kuvua rangi yote nipulize upya hapa uani, Dodoma mjini. Kromu nayo niipige msasa?

Spana15
Mkuu, iache hiyo nati kwanza. Krenki ya kipande kimoja ina hesi za kinyume upande wa kushoto, nati na koni yake (kipande cha ndani kinachobana gololi) vyote. Inalegea ukizungusha kulia. Ukivuta kama ulivyozoea unazidi kuikaza, na spana ndefu ndiyo itakayokata hesi.

Anza na pedali ya kushoto, nayo ni kinyume, spana namba 15. Lazima itoke, maana krenki hutolewa upande wa mnyororo na mkono wa kushoto unapita ndani ya nyumba ya krenki. Kisha nati, washa yenye ulimi, halafu koni: weka bisibisi pana kwenye mfereji wake, gonga polepole kuelekea kulia. Gololi humo hukaa kwenye keji, yaani kibati kinachozishika. Piga picha keji imeelekea wapi kabla hujaigusa. Ukiirudisha kichwa chini bati lake linasugua koni na krenki inakuwa nzito, halafu utalaumu grisi.

Bomba la kiti: legeza klempu kabisa, changanya asetoni na mafuta ya gia ya otomatiki (ATF) nusu kwa nusu, dondoshea kwenye maungio. Krenki ikishatoka, pindua fremu umimine na kwa chini pia. Acha usiku kucha mbali na jiko. Kesho yake funga kiti kibovu juu yake ukitumie kama mkono wa kuzungushia. Usivute juu, zungusha.

Shingo ya usukani ikigoma, legeza bolti ya juu mizunguko minne au mitano tu bila kuitoa, weka kipande cha mbao, piga nyundo mara moja. Kabari ya ndani inashuka, shingo inaachia.

Grisi_Nkuhungu
Kabla ya kununua rangi, kagua fremu. Sugua kwa brashi ya waya chini ya bomba la usukani, kuzunguka nyumba ya krenki na kwenye masikio ya gurudumu la nyuma (panapokaa ekseli). Mstari mwembamba wa kutu unaorudi baada ya kusuguliwa, mara nyingi ni ufa. Halafu chukua uzi, ufunge sikio moja la nyuma, uzungushe mbele ya bomba la usukani, urudi sikio la pili. Pima nafasi kati ya uzi na bomba la kiti kila upande. Zikipishana zaidi ya milimita 3 fremu imepinda, na rangi nzuri haitaficha mnyororo unaoruka.

Rangi: rimuva ya rangi ni ya haraka, vaa glavu nene. Soda kali inavua chuma vizuri ila inakula alumini, kwa hiyo ringi za alumini zisiikaribie. Baada ya hapo msasa namba 80 penye kutu, 180, kisha 400 kwa maji. Futa kwa tina, usishike tena kwa mkono mtupu. Praima kopo 1 la mililita 400, rangi makopo 2, vanishi 1, inatosha fremu ya ukubwa huu. Tabaka nyembamba, kopo likiwa sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye fremu. Ukipuliza nene itamwagika, na ukichanganya rangi za aina mbili tofauti bila kufuata muda wa kopo, ya juu itakunja ya chini kama ngozi ya maziwa.

Ziba kwa utepe wa karatasi wenye gundi ncha za bomba la usukani, nyumba ya krenki na masikio. Rangi ikiingia humo vikombe vya gololi havikai.

Dodoma kiangazi ni upepo na vumbi. Mwagia ua maji, puliza kati ya saa mbili na saa nne asubuhi kabla upepo haujapanda.

Vumbi_la_Nzuguni
Hapo kwenye kromu, hapana msasa. Kunja karatasi ya foili, ichovye maji, sugua madoa. Penye chuma tupu hapatarudi, kubali au pelekea wapaka kromu. Siki inasaidia nati na bolti ndogo, saa 12 hadi 24, kisha suuza kwa maji ya magadi ili tindikali iishe, kausha hapohapo, paka mafuta. Spoku na gololi usizitie kwenye siki, tindikali hufanya chuma kigumu kiwe rahisi kukatika.

Kizota20
Nati imetoka! Kweli kulia. Gololi za magurudumu nitajuaje saizi?

Spana15
Kwa kawaida mbele ni 10 kila upande, milimita 4.76; nyuma yenye breki ya kukanyaga kinyume hutofautiana. Hesabu zako kwanza, chukua moja ya mfano dukani. Ikiwa koni ina mashimo usipoteze grisi, badili koni. Ukifunga, kaza koni hadi gurudumu lisicheze, kisha ulegeze kidogo kabla ya kufunga nati ya nje.

Mkono wa breki ufungwe kwenye fremu kwa klipu yake. Ukiuacha unazunguka, breki haishiki. Mnyororo uache ucheze sentimita 1 hivi katikati. Tairi angalia namba 406 ubavuni (saizi ya ringi ya BMX ya inchi 20), na kwa miiba ya mgunga huku kwetu weka ukanda mzito ndani ya tairi kabla ya tyubu.