Kurudisha na kutunza rangi nyeusi ya gari ukiwa nyumbani Dar es Salaam

Ndugu wanajumuiya, salaam.

Namjibu dada wa Mbezi Beach aliyeuliza kama Toyota Harrier yake nyeusi, iliyoagizwa kutoka Japani, inaweza kurudishiwa mng'ao nyumbani bila kuipeleka gereji ikapigwe kompaundi, yaani dawa kali ya kukwangulia rangi. Inawezekana, na kwa gari ambalo rangi yake bado ni ya kiwandani ningesema ni afadhali, mradi aanze na namna ya kuliosha kabla hajafikiria polishi. Wengi wetu tuliohamia hapa kutoka Nairobi tumekuja na mazoea ya mji wa baridi, ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, tukayahamishia katika mji wa pwani wenye joto, unyevu na upepo wa chumvi. Gari jeusi ndilo linaloumia kwanza.

Ile mikwaruzo myembamba inayoonekana juani kama utando wa buibui haikuchorwa kwa duara. Imekwenda kila upande, lakini inayorudisha mwanga machoni ni ile tu iliyokingama na nuru, ndiyo maana miduara hiyo hulifuata jua popote unaposimama. Gari jeupe la jirani linayo pia, ila weupe wake unaificha. Karibu yote hutokana na kuosha na kufuta: chembe ya mchanga imekaa juu ya bodi, tambara linapita, chembe inaburuzwa.

Ni lazima kujua unachokikata. Rangi ya kiwandani ina praima, yaani rangi ya msingi, chini, kisha rangi yenyewe, kisha tabaka la juu lisilo na rangi, ambalo mafundi huliita klia. Kwa kawaida matabaka yote kwa pamoja yana unene wa maikroni 100 hadi 150 (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), na klia peke yake mara nyingi ni maikroni 35 hadi 50, ilhali unywele wa mtu unakaribia 70. Kemikali zinazozuia mionzi ya jua zimo ndani ya klia hiyo. Kupolishi maana yake ni kuipunguza klia mpaka ifike chini ya mkwaruzo, kwa hiyo kila unapopiga polishi unachota katika akiba isiyojazwa tena. Mji huu uko takriban nyuzi 7 kusini mwa ikweta, jua la mchana huwa karibu na utosi kwa sehemu kubwa ya mwaka, na paa na boneti ndivyo vinavyolipokea moja kwa moja. Magari mengi tunayoyaona barabarani yakiwa yamebambuka mabaka meupe juu ya paa ni yale ambayo klia yake imekwisha, na hapo hakuna polishi itakayosaidia, ni kupaka rangi upya.

Kwa sababu hiyo mimi si mfuasi wa kutafuta mng'ao kamili kama wa kioo. Mkwaruzo unaonasa ukucha unapoupitishia kidole ni mrefu kwenda chini kuliko klia unayoweza kumudu kuipoteza, uachwe. Ukiondoa sehemu kubwa ya mikwaruzo myepesi na gari likawa jeusi tena kwa mtu aliyesimama hatua mbili, hiyo inatosha kwa gari linalopita Bagamoyo Road kila siku.

Sasa uoshaji, ambao ndio kiini cha jibu langu. Nyumba nyingi tunazopanga zina maji ya namna mbili: ya bomba, ambayo kwa sehemu kubwa yanatoka mto Ruvu, na ya kisima kilichochimbwa uani. Maji ya visima vingi vilivyo karibu na bahari yana chumvi, na hakuna haja ya maabara kulijua hilo, yaonje. Ukiisikia chumvi ulimini, basi yakikauka juu ya boneti nyeusi yataacha miduara myeupe ya madini, na jua likiipiga siku chache, inaanza kula klia. Maji hayo yatumie kwenye magurudumu na kuondolea tope la kwanza, lakini suuza la mwisho liwe la maji ya bomba au ya mvua uliyoyakinga, na gari likaushwe mara moja kwa taulo kubwa la maikrofaiba, kwa kulilaza na kulivuta taratibu. Kama miduara tayari ipo, changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, lowesha kitambaa, kilaze juu ya alama kwa dakika moja au mbili bodi ikiwa ya baridi, kisha suuza vizuri. Isipotoka kwa siki, imeshachimba, na itangoja polishi.

Sabuni ya unga ya kufulia iondoke kabisa katika shughuli hii, kwa sababu imetengenezwa kuondoa mafuta, na nta uliyopaka ni mafuta pia. Tumia shampuu ya magari. Weka ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya maji matupu ya kusuuzia glavu ya maikrofaiba kila unapomaliza kipande, ili mchanga ubaki katika ndoo ya pili usirudi kwenye bodi. Anza juu ya paa na ushuke, magurudumu yawe na kitambaa chake. Dodoki na sponji ngumu hubana mchanga ndani yake, zifae vyungu. Kijana anayeosha magari mtaani wala simlaumu, yeye analipwa kwa wingi wa magari na ana tambara moja linalotoka kwenye rimu likaenda kwenye boneti. Mpe vifaa vyako, mwelekeze kwa adabu, mwongezee kidogo kwa muda atakaopoteza, na mtaelewana.

Halafu kuna kunguru. Hawa wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili wasafishe takataka, na sasa pwani ya bara nayo ni yao. Bodi nyeusi iliyoachwa juani inaweza kupita nyuzi 70 za Selsiasi. Katika joto hilo klia hulainika na kutanuka, kinyesi kilicho juu yake hukauka na kung'ang'ania, na jioni klia inaposinyaa hubaki na alama ya umbo la kinyesi hicho. Asidi iliyomo nayo haisubiri. Usikikwangue. Laza kitambaa chenye maji kwa dakika tano, kikilainika kiinue bila kusugua. Utomvu wa mwembe hutoka kwa spiriti ya famasi kidogo kwenye pamba, ukifuta na kusuuza papo hapo. Kivuli cha mwembe ni kitamu kwa abiria, kwa rangi ni hasara tupu.

Ukishaosha, vaa mfuko mwembamba wa mkate mkononi na upitishe vidole polepole juu ya boneti. Utasikia punje ambazo kiganja kitupu hakizisikii: vumbi la saruji, chembe za vyuma vya breki, ukungu wa rangi kutoka kwa fundi wa karibu. Hizo huondolewa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, unaoteleza juu ya maji ya shampuu bila kukandamizwa. Udongo huo ukikuponyoka ukaanguka chini, utupe, hata kama ulikuwa mpya.

Kwa polishi yenyewe, kitu cha kwanza ni kutambua aina ya rangi. Kwenye kibati kilicho ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna namba ya rangi. Kwa Toyota, 202 ni ile nyeusi tupu isiyo na metaliki, yaani chembe za kumetameta, na wanaofanya kazi hii huifahamu kwa ulaini wake: inakwaruzika upesi, na inakubali polishi nyepesi upesi vilevile. Sugua sehemu iliyojificha kwa polishi kidogo na kitambaa cheupe. Kitambaa kikichukua weusi, hapo hakuna klia, au imekwisha, na unakata rangi yenyewe. Nenda kwa mkono mwepesi zaidi.

Mashine inayofaa mtu asiye fundi ni ile ambayo pedi yake inazunguka huku ikiyumba, kwa sababu ukiikandamiza mno inasimama badala ya kuunguza. Ile ya mzunguko mmoja ni ya mwenye uzoefu. Grenda ya kukatia vyuma yenye pedi iliyofungwa juu yake isikaribie gari lako, hata kama fundi anaapa, maana grenda ndogo huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika, wakati mashine ya polishi ya mzunguko mmoja haizidi sana 3,000. Waliokuja na mashine kutoka nyumbani Kenya wasiwe na wasiwasi wa umeme, soketi za pini tatu za mraba ni zile zile.

Funika kingo za milango, mistari iliyopinda ya boneti na plastiki zote kwa tepu ya karatasi, kwa kuwa kwenye kingo rangi huwa nyembamba kuliko pengine popote. Chagua kipande cha sentimita 50 kwa 50 na ujaribu polishi laini kabisa kwa pedi laini kabisa. Ikishindwa ndipo uende kwenye polishi au pedi kali zaidi. Matone matatu au manne yanatosha. Isogeze mashine polepole, kwenda na kurudi, kisha kwa kukingamisha, mara nne hadi sita, halafu futa na umulike kwa tochi ya simu kutoka pembeni. Kabla ya kuamini macho yako, pitisha maji yenye spiriti kidogo, kwa sababu polishi nyingi zina mafuta yanayojaza mikwaruzo bila kuiondoa. Huo ndio ung'aaji wa baadhi ya yadi za magari: unalinunua likimeremeta, ukiliosha mara chache buibui amerudi.

Fanya haya kivulini, kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, bodi ikiwa ya baridi mkononi. Majira mazuri ni kuanzia Juni hadi Septemba, masika yakiwa yamepita na joto limepungua.

Kuhusu kinga, nta ya karnauba inayotokana na mti wa jamii ya mnazi wa Brazili ni nzuri machoni, lakini kwa gari linalolala nje katika joto letu inadumu wiki chache. Selanti, yaani kinga za kutengenezwa kwa kemikali zinazopakwa badala ya nta, hukaa miezi kadhaa, hupakwa kwa dakika chache, na kwa watu wenye shughuli nyingi ndizo ninazozipendekeza. Kinga za seramiki, zenye silika, hukaa mwaka au zaidi, ila unyevu wa hapa huziharakisha kukauka: paka eneo dogo, futa mapema kuliko maelezo ya chupa yanavyosema, na gari lisiguswe na maji kwa saa 24. Ile 9H iliyoandikwa kwenye maboksi ni kipimo cha ugumu wa penseli, haina uhusiano na ugumu wa almasi, na haizuii mkwaruzo wa tambara lenye mchanga. Faida yake ni kwamba uchafu haugandi kwa urahisi na kinyesi cha kunguru kinakupa nafasi ya kukiwahi. Kariakoo, hasa upande wa Gerezani, utapata karibu vyote hivi, pamoja na vya bandia vyenye chupa zilezile. Nunua kidogo kwanza na ukijaribu kwenye kizingiti cha mlango.

Kaka wa Kigamboni naye aliuliza juu ya kava. Kama unaegesha kwenye uwanja wa mchanga ulio wazi kwa upepo wa bahari, kava juu ya gari lenye vumbi ni msasa, maana upepo utaitikisa usiku kucha. Kava inafaa gari lililooshwa, lililokauka, lisilotumika kwa wiki nzima. Kwa gari la kila siku jenga kibanda cha nguzo nne na bati, kwa ruhusa ya mwenye nyumba iliyoandikwa, ili siku ya kuhama msigombanie mabati.