Daftari la babu: rupia za Ghuba za miaka ya 60 zilikuwa shilingi ngapi?

ShelaKwetu (Lamu):
Assalaam alaykum. Babu yangu alikuwa nahodha, akipakia boriti hapa Lamu na kuzipeleka Ghuba kwa upepo wa kusi. Ameacha daftari la hati ya Kiarabu, tarehe za Hijria, hesabu zote kwa rupia. Mistari mitatu imenishinda:

Dubai, 1380, boriti, rupia 2,400.
Dubai, 9 Safar 1386, boriti, rupia 1,900.
Matrah, 1389, deni kwa mfanyabiashara, rupia 420. Hili la Matrah, Oman, halijapigwa mstari wa kulifuta.

Nikitafuta mtandaoni napata majedwali ya rupia ya India kwa dola, lakini katikati ya 1966 yanaporomoka ghafla, na riali ya Omani kabla ya 1970 haimo kabisa. Ndani ya daftari mna noti ya rupia 5, rangi ya chungwa, namba yake inaanza na Z. Tunataka kujua mzee alichuma nini hasa.

KibokoniMsa:
Wa alaykum salaam. Mwaka 1380 ni 1960 kuingia 1961. Wakati huo pauni moja ilikuwa rupia 13 na theluthi, na pauni hiyohiyo ilikuwa shilingi 20 zetu za Afrika Mashariki. Kwa hiyo rupia ilikuwa shilingi moja na nusu, na zile 2,400 ni shilingi 3,600. Wazee wengine watakwambia rupia ni shilingi mbili. Hicho ni kiwango kilichowekwa huku Kenya mwaka 1920 bei ya madini ya fedha ilipokuwa juu sana. Kwa rupia za Ghuba usikitumie.

Sarafu_Maskati:
Ndugu yangu wa Shela, hilo daftari ni hazina, lipige picha ukurasa kwa ukurasa kabla halijaliwa na unyevu.

Hesabu ya KibokoniMsa ni sahihi. Mimi naanzia kwenye noti yako, maana hiyo si noti ya kutumika India. Noti ya rupia 5 ya India ya siku hizo ilikuwa kijani. Yako ni rupia ya Ghuba, iliyotolewa na Benki Kuu ya India kuanzia 1959 kwa matumizi ya nje tu. Sababu ilikuwa dhahabu. Bombay dhahabu ilikuwa ghali kuliko soko la dunia, basi watu wakileta rupia huku Ghuba, wananunua dhahabu, wanaiingiza India kwa magendo. Zile rupia zikaishia kwenye mabenki ya Ghuba, nayo yakazirudisha India kudai pauni. Akiba ya India ikawa inavuja. Wakaona wachapishe noti za rangi nyingine, zenye herufi Z, ili za nyumbani zisikubalike tena nje. Hata mahujaji walichapishiwa za kwao. Thamani lakini ilikuwa moja: rupia ya Ghuba kwa rupia ya India, sawa kwa sawa.

Na hapo ndipo mstari wako wa pili unaponigusa. Tarehe 6 Juni 1966 India ilishusha thamani ya rupia. Ilikuwa imetoka vitani na Pakistan mwaka uliotangulia, ukame umeharibu mazao, na wakopeshaji wa nje wanashinikiza. Dola ikatoka rupia 4.76 hadi 7.50, pauni ikafika rupia 21. Sasa geuza tarehe ya babu: 9 Safar 1386 ni mwisho wa Mei 1966, hata ukihesabu tofauti ya siku moja ya mwandamo. Alilipwa wiki moja tu kabla! Siku aliyopokea, rupia 1,900 zilikuwa shilingi 2,850. Kwa kiwango kipya ni 1,809 na senti. Tofauti ni zaidi ya shilingi elfu moja kwa mzigo mmoja wa boriti.

Ndiyo maana jedwali la mwaka mzima halikufai. Lile la wastani wa 1966 litakupa namba ambayo haikuwahi kulipwa sokoni siku yoyote. Dubai na Qatar hawakuifuata India: waliazima riali ya Saudia kwa muda mpaka walipotoa riali yao Septemba mwaka huo. Abu Dhabi ikachukua dinari ya Bahrain. Oman ikabaki na rupia.

Tazama mstari unaofuata: je, alinunua bidhaa mara moja, au alikaa na noti mkononi?

ShelaKwetu (Lamu):
Nimesoma tena na mama amenisaidia hati. Chini yake, 12 Safar, pameandikwa vikanda vya tende, rupia 1,750. Kwa hiyo zilimtoka ndani ya siku tatu?

Sarafu_Maskati:
Alhamdulillahi! Basi karibu mzigo wote uligeuka tende kabla ya tangazo. Zilizobaki rupia 150 tu. Huenda noti yako ni mojawapo.

Deni la Matrah sasa. Mwaka 1389 ni 1969 kuingia 1970, na mwaka 1970 Oman ilitoa riali Saidi, ndiyo iliyokuja kuitwa riali ya Omani, kwa rupia 21 kila riali. Rupia 420 ni riali 20 kamili. Tangu 1986 riali imefungwa kwenye dola 2.60, kwa hiyo riali 20 za leo ni dola 52. Rupia ya India nayo imeendelea kushuka, ikashushwa tena kwa kishindo Julai 1991, na 2022 ikavuka 80 kwa dola. Rupia 420 za India kwa kiwango hicho hazifiki dola 6. Ukimwuliza mtu Mumbai na mtu Matrah deni lilelile, watakupa majibu yaliyopishana karibu mara kumi.

Kwa mstari huo fuata riali, kwa sababu deni liliandikwa Matrah. Na hiyo noti usiipige laminesheni, inaharibika moja kwa moja.