Naomba ushauri: kisiwa kipi cha kupumzika na watoto wadogo? Kalangala, Bunyonyi au Zanzibar?

Baba Watatu
Salaam wana jukwaa. Mimi ni dereva wa malori, njia ya Malaba hadi Elegu, mwaka wa kumi na moja sasa. Mwisho wa Agosti nimepewa likizo ya wiki moja na shule zitakuwa zimefunga. Nina watoto watatu: wa miaka 8, wa miaka 5 na mdogo wa mwaka na nusu. Nataka kuwapeleka kisiwani pamoja na mama yao. Sitaki ratiba ya kuamshana alfajiri kwenda kutazama hiki na kile. Nataka mchanga, maji, kivuli cha mti, watoto wacheze mpaka walale wenyewe. Nina kama milioni mbili na nusu za Uganda, kila kitu humo humo. Nimefikiria Kalangala kule Ziwa Victoria, visiwa vya Ziwa Bunyonyi, na Zanzibar. Usiku nakata shauri, asubuhi naliona baya. Waliowahi kwenda na watoto wadogo, nisaidieni.

Dada wa Busia
Zanzibar, kaka! Nilienda na wanangu wawili, kwa basi mpaka Dar halafu boti ya mwendo wa saa mbili hivi. Lakini sikiliza yaliyonikuta. Nilichagua upande wa mashariki, Paje, kwa sababu picha zilinivutia. Tukaamka asubuhi, bahari haipo! Maji yamekupwa, yamekwenda mbali huko, wanangu wanaulizana nani ameyachukua. Mwenye watoto wadogo aende kaskazini, Nungwi au Kendwa, huko maji hayakimbii sana. Na kadi za homa ya manjano ni lazima kwa anayetoka Uganda, mtoto akishatimiza mwaka mmoja naye anadaiwa. Chanjo ichomwe angalau siku kumi kabla ya safari. Tangu Oktoba 2024 kuna pia bima ya lazima kwa wageni wanaoingia Zanzibar, uliza mapema sisi wa Afrika Mashariki tunalipa kiasi gani. Ndege kutoka Entebbe ipo, ila kwa watu watano hiyo milioni mbili na nusu sidhani kama itafika.

Kijana wa Arua Park
Bunyonyi bro. Nilimpeleka mke wangu tulipooana. Amelala na sweta langu, soksi zangu na taulo la hoteli kichwani, fungate lote sikuuona uso wake. Lakini mandhari! Ukungu wa asubuhi juu ya vile visiwa, hutausahau. Na watu wa kule wanakwambia ziwa lao halina kichocho wala mamba.

Afande Mstaafu
Mwanangu dereva, pokea salamu za mzee. Sisi tulikulia kambini Jinja, likizo ilikuwa kupelekwa kwa bibi, kuchunga mbuzi na kula mihogo. Hatukupungukiwa kitu. Milioni mbili na nusu ni ada ya shule. Unawapa watoto wa miaka mitano bahari, wakifika ishirini utawapa nini? Wapeleke kijijini wakajue ukoo wao.

Mvuvi wa Kasenyi
Mzee, tumekusikia, lakini mwenzetu ameuliza kisiwa.

Baba Watatu, nenda Kalangala. Kuna njia mbili za kufika. Ya kwanza ni meli ya MV Kalangala kutoka Nakiwogo, Entebbe. Inaondoka saa nane mchana, inafika Lutoboka, kule kisiwani, jioni baada ya mwendo wa saa tatu na nusu hivi, na inarudi kesho yake saa mbili asubuhi. Ya pili unapita Masaka, unashuka Bukakata, unavuka kwa feri ya bure mpaka Luku, na gari lako linaingia. Ile feri ni safari fupi. Usikubali mashua za mbao kwa sababu ya haraka. Miezi hii upepo wa kusini unalichafua ziwa, na sote tunakumbuka ile mashua ya starehe iliyozama Mukono Novemba 2018, watu zaidi ya thelathini walikufa na ufuko ulikuwa unaonekana. Mtoto avae jaketi la kuokolea, hata kama mwenye chombo anacheka.

Kichocho kipo, nisikudanganye. Konokono wake wanapenda maji yaliyotulia kwenye matete. Mimi namezeshwa vidonge kila wanapokuja wa afya na ule ubao wao wa kupimia urefu.

Baba Watatu
Asanteni sana wote. Dada wa Busia, Zanzibar naiona haiwezekani mwaka huu. Bunyonyi hapana, baridi hapana kabisa. Mvuvi, samahani kwa swali: usiku mtu akiugua kule Kalangala, wanamvusha vipi? Na mchanga wa Lutoboka unapata jua la kutosha asubuhi? Maji huwa ya baridi kiasi gani?

Mvuvi wa Kasenyi
Maji si ya baridi kama ya Bunyonyi, ila upepo ukivuma mtoto atatetemeka. Usiku meli hazitembei. Kuna kituo cha afya daraja la nne pale mjini Kalangala, si mbali na Lutoboka. Likiwa jambo kubwa inatafutwa boti ya injini, na hapo unategemea ziwa limeamkaje.

Nesi wa Masaka
Nimesoma maswali yako mara mbili. Mtu anayetaka mchanga na kivuli haulizi maji yana baridi kiasi gani na mgonjwa anavushwa vipi usiku. Ndugu yangu, ni nani anayeumwa hapo nyumbani?

Baba Watatu
Hakuna anayeumwa sasa hivi. Nilitaka tu kujua.

Nesi wa Masaka
Hujanijibu. Siulizi kwa umbea. Ushauri wa mtoto mzima na ushauri wa mtoto mwenye tatizo ni vitu viwili tofauti, na hawa wote wanakushauri kama watoto watatu wazima.

Baba Watatu
Sawa. Yule wa miaka mitano ana sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Sikuandika kwa sababu nikiandika kila mtu husema kaa nyumbani. Amekaa nyumbani miaka mitano. Machi alilazwa hospitali ya Mulago siku tisa, akaongezewa damu. Kitanda cha jirani kulikuwa na mtoto wa Kalangala, alikuwa anamsimulia meli inavyobeba malori ndani yake. Wangu hakuamini. Lori la baba ndani ya mashua? Nikamwambia ukipona nitakupeleka ukaone kwa macho yako. Tangu siku hiyo amechora meli kwa mkaa ukuta mzima wa nje.

Na niseme yote. Nimekwisha kulipa. Kalangala, siku nne, nimetanguliza laki nne kwa simu na hawarudishi. Mama yake hajui. Najua mtanisema, lakini nimefikiri sana. Dawa zake anazo, chandarua tutabeba, na tangu Machi hajapata maumivu. Sioni kosa langu liko wapi.

Afande Mstaafu
Kosa liko kwenye kumficha mkeo. Mtoto wa namna hiyo usiku anaamkiwa na mama. Unawezaje kupanga safari ya mtoto mgonjwa bila mtu anayemjua kuliko wewe?

Mama wa Kawempe
Mzee, usimkemee sana. Mimi pia ninaye, binti, ana miaka 11. Miaka saba nilimfungia ndani kama yai. Mvua ikinyesha, ndani. Upepo, ndani. Wenzake wakicheza kamba yeye anahesabu kutoka dirishani. Siku moja akaniuliza, mama, mimi nikifa nitakuwa nimefika wapi? Sikulala. Jumamosi ile ile nilimpeleka Entebbe, tukalala usiku mmoja karibu na ziwa, kesho yake tukaona wanyama pale bustanini. Hakuingia majini, aliketi mchangani akajifukia miguu. Mpaka leo anaisimulia safari hiyo. Baba Watatu, mpeleke, lakini si kwa kuficha.

Mkaguzi wa Malaba
Samahani, mimi nasimama hapa. Asubuhi ulikuwa hujui uchague wapi, jioni umeshalipa. Ulikuwa na watoto watatu wa kucheza mchangani, sasa mmoja katoka Mulago. Mke hajui. Ukuta umechorwa meli. Hadithi imepangika mno. Miaka miwili iliyopita kwenye kundi jingine nilitoa elfu hamsini kwa baba mwenye mtoto mgonjwa, kumbe picha ilikuwa ya mtoto wa nchi nyingine na aliyeiweka hana hata mtoto. Nasubiri namba ya simu ya kutumia pesa. Au wewe ni dalali wa nyumba za wageni za Kalangala, maana tumekupa maelezo mazuri ya kutangazia biashara.

Kijana wa Arua Park
Hata mimi nilianza kujiuliza. Dereva wa Elegu ana muda wa kuandika aya ndefu hivi?

Dada wa Busia
Jamani, na mimi nimemwaga siri zangu zote za Paje! Kama ni uongo, wasimamizi waufunge huu uzi.

Baba Watatu
Sijaomba hata shilingi. Rudini juu msome. Nimeegesha Karuma, naandika tangu saa kumi na mbili jioni. Sina la kuwaonyesha, picha ya mtoto wangu siweki hapa.

Nesi wa Masaka
Usiweke. Nijibu tu hivi: mlijuaje mara ya kwanza? Na jioni kabla hajalala unamkagua nini?

Baba Watatu
Alikuwa na miezi minane. Mikono na miguu ilivimba, vidole vikawa kama ndizi za kuiva. Mama mkwe akasema ameumizwa na yaya, tukamfukuza yule msichana wa watu bila kosa. Mpaka leo linaniuma. Wiki ya tatu ndipo damu ikapimwa. Jioni namkagua macho kama yamekuwa manjano, halafu namlaza chali nampapasa chini ya mbavu za kushoto kutafuta bandama. Ikivimba ghafla ni kwenda hospitali usiku huo huo. Nikiwa safarini mama yake anapapasa, mimi naulizia kwa simu.

Mama wa Kawempe
Huyu ni mwenzangu. Hakuna anayejua bandama ya mtoto kwa vidole kama hajawahi kuitafuta gizani.

Nesi wa Masaka
Mimi nimeridhika. Sasa tuongee kazi.

Kabla ya yote, rudi kliniki yake pale Mulago, damu ipimwe na daktari aseme ndiyo au hapana. Ruhusa ya safari ni ya daktari, si yangu wala ya jukwaa. Akikubali, piga simu kituo cha afya cha Kalangala, uliza maswali matatu: kuna daktari siku hizo? Oksijeni ipo? Damu ya kuongezea ipo au wanapeleka Masaka? Jibu la damu ndilo litakalokuambia ukae siku ngapi.

Pita Bukakata, usipite Nakiwogo. Ukiwa na gari lako na feri fupi, uko karibu na hospitali ya rufaa ya Masaka. Nakiwogo unafungwa na meli moja kwa siku. Ila feri zote mbili haziko usiku, kwa hiyo ukimwona amechoka mchana, usisubiri jioni uone.

Maji ya kunywa yawe mkononi mwake siku nzima, asingoje kiu. Kuoga ziwani simshauri. Maji na upepo vinampoza mwili, na baridi ni moja ya vitu vinavyoamsha yale maumivu. Kichocho nacho kinakula damu ambayo yeye hana ya kugawa. Acheze mchangani, akilowa avuliwe hapo hapo, afutwe, avae kikavu. Yule wa miaka 8 akiingia majini, aende kliniki baadaye muulizie habari za vidonge vya kichocho, maana vikimezwa mapema mno haviui minyoo michanga. Chandarua usiku kwa ninyi wote watano, na Fansidar yake ya kila mwezi ya kuzuia malaria isirukwe kwa sababu ya safari. Joto likifika 38.5, hakuna cha kumpa panadoli na kulala. Ni hospitali.

Na siku nne ni nyingi. Mbili.

Mkaguzi wa Malaba
Nimesoma ile ya bandama. Dada yangu alizika mtoto wa sikoseli mwaka 2009, alikuwa anafanya hivyo hivyo kila jioni. Baba Watatu, nisamehe. Nilichomwa nikaogopa moto wa jirani.

Baba Watatu
Yameisha, ndugu. Ningekuwa wewe ningeuliza pia.

Baba Watatu (baada ya siku sita)
Narudi kama nilivyoahidi moyoni. Mama yao alikuwa anajua! Ujumbe wa malipo ulikuja kwenye simu aliyokuwa anachezea yule mtoto wetu mdogo, mama yao akausoma. Alinyamaza wiki mbili akingoja niseme. Hakukasirikia pesa, alikasirika kwamba nilidhani atakataa. Yeye ndiye aliyekwenda naye Mulago jana. Daktari amekubali siku mbili, akatuandikia barua ya hali yake ya kuonyesha popote tutakapofika. Kituo cha Kalangala tumepiga simu, wenye nyumba ya wageni wamekubali kupunguza siku na tofauti inakuwa chakula. Tunapita Bukakata.

Mzee Afande, safari ya Desemba ni kwa bibi, nimeahidi.

Mvuvi, moja la mwisho. Feri ya Luku mtoto anaruhusiwa kushuka garini aangalie malori yakipangwa?

Mvuvi wa Kasenyi
Wewe ukishaegesha ndiyo mshuke, magari yakiwa yanaingia asisimame njiani. Mweke upande ambao upepo haumpigi, nyuma ya lori kubwa kuna kinga nzuri. Na sweta usilifungie kwenye begi, lishike mkononi tangu Masaka.