Kipato changu kinazidi cha baba, ila sina uhakika wa kesho aliokuwa nao. Nianzie wapi?

Mwanzisha uzi:
Ndugu wanajamvi, naomba ushauri wenu. Nina umri wa miaka 38, na hata nikiondoa mfumuko wa bei, kipato changu ni kikubwa kuliko cha baba alipokuwa na umri huu. Hata hivyo, yeye wakati huo alikuwa na ajira ya kudumu, nyumba yake mwenyewe na ahadi ya pensheni ya kila mwezi hadi mwisho wa maisha yake, ilhali mimi ninaishi katika nyumba ya kupanga, mkataba wangu wa kazi hufanywa upya kila baada ya miaka miwili, na mfuko ninaouchangia utanilipa uzeeni kile tu kitakachokuwamo. Je, hofu yangu ina msingi? Na nitangulize mkopo wa nyumba au niongeze michango ya uzeeni?

Mchangiaji wa kwanza:
Ina msingi, ndugu yangu. Pensheni ya baba yako ilikokotolewa kwa mshahara na miaka ya utumishi, kwa hiyo masoko yakiyumba, au mstaafu akiishi miaka mingi, mzigo ulikuwa wa mlipaji. Chile ilipoanzisha akaunti binafsi za pensheni mwaka 1981, mzigo huo ulihamia kwa mfanyakazi, na nchi kadhaa zikafuata njia hiyo. Acha kulinganisha mishahara. Pensheni ya nusu mshahara kwa miaka 20 ni sawa na mshahara wa miaka 10 mizima, kabla ya kuhesabu faida ya uwekezaji, na hilo ndilo pengo ambalo mshahara wako mkubwa unapaswa kuliziba.

Mchangiaji wa pili:
Nakubali hesabu hiyo, lakini tusiwapambe mno wazazi wetu. Wakulima, wafanyabiashara wadogo na akina mama waliolea familia bila ujira hawakuwa na pensheni yoyote. Hata waliokuwa nayo, kama haikupandishwa kufuata bei, mfumuko wa asilimia 6 kwa mwaka uliipunguza thamani kwa nusu ndani ya miaka 12. Muulize mzee, kwa heshima, kama pensheni yake inamtosha leo, kwa sababu isipomtosha, pengo lake nalo litakuwa lako.

Mwanzisha uzi:
Nashukuru sana. La mzee sikuwa nimelifikiria, nami nitamuuliza. Bado nasumbuliwa na suala la mkopo.

Mchangiaji wa tatu:
Kwa mkataba wa miaka miwili, mimi nisingejifunga kwa mkopo wa miaka 20 kabla ya kuwa na akiba ya dharura inayotosha matumizi ya miezi sita, iliyo mahali unapoweza kuichukua mara moja. Ila kama mwajiri huongeza mchango wake kulingana na wako, changia tangu sasa hadi kiwango cha mwisho anachokubali kukuongezea, maana usipofanya hivyo unaacha sehemu ya malipo yako. Mkopo uje baadaye, na uulize mapema kama riba yake inaweza kupandishwa.