Mjadala: Elimu ya mazingira iwe somo la pekee lenye mtihani?

Mchimba Kisima: Wakuu, tangu mkutano wa kimataifa uliofanyika mji wa Tbilisi 1977 dunia inaambiwa elimu ya mazingira ipenye masomo yote. Umoja wa Mataifa ukaitengea elimu ya maendeleo endelevu muongo mzima, 2005 hadi 2014. Naona kilichokuwa cha masomo yote kimekosa mwenyewe. Kiwe somo la pekee, lenye kipindi na mtihani. Maana walimu wengi hawajui wafundishe nini, wanabaki kuwaokotesha watoto taka.

Chaki Nyeupe: Hilo la mwisho umelitoa wapi? Nafundisha sayansi. Wanafunzi wangu wanatenganisha taka za shule, za kuoza zinaingia shimo la mboji, wanazigeuza na kupima joto. Joto likipanda wananieleza bakteria wanafanya nini mle ndani. Huko ndiko kuokotesha taka?

Mama Wawili: Mwalimu, wewe ni mmoja. Siku ya kupanda miti mche wa mwanangu ulifukiwa na kiriba chake cha nailoni, eti mgeni rasmi ana haraka. Mizizi ikajizungusha humo humo. Likizo ilipoisha kimebaki kijiti.

Chaki Nyeupe: Mgeni akiwa na haraka, lawama za mwalimu? Wazazi mlikuwepo, hakuna hata mmoja aliyeinama kukichana?

Mama Wawili: Usinitupie mimi. Niliitwa kushuhudia, sikukabidhiwa jembe.

Msomaji wa Usiku: Tuache viriba jamani. Italia walishalifanya somo hili la lazima, 2019 kama sikosei, saa 33 kwa mwaka za mabadiliko ya tabianchi. Hoja ya ratiba kujaa haina nguvu.

Mchimba Kisima: Waziri wao alitangaza hivyo, ila sheria iliyoanza kutumika 2020 inazihesabu saa hizo 33 kuwa za elimu ya uraia. Katiba na uraia wa kidijitali vimo humo humo.

Chaki Nyeupe: Basi mfano wenu unanitetea mimi: hata huko mazingira hayakupewa somo la pekee. Na huo mtihani swali lake nalijua: "Taja faida tano za miti." Mtoto anapata tano zote, huku bomba la shule linavuja tangu asubuhi na haoni kama linamhusu. Hiyo Tbilisi mnayoitaja ilidai ujuzi na ushiriki, si maarifa peke yake.

Dawati la Nyuma: Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi. Sisi bomba tuliliona, tukaandika barua, tukaambiwa turudi darasani. Mnataka tushiriki au tunyamaze?

Mama Wawili: Marahaba mwanangu. Mwalimu, mjibu mtoto.

Chaki Nyeupe: Marahaba. Barua yenu ilistahili jibu, na fundi aitwe siku hiyo hiyo. Andikeni tena, safari hii na kipimo: tegeni ndoo, mhesabu inajaa kwa dakika ngapi. Ila aliyesema walimu hawajui bado namsubiri.

Mchimba Kisima: Nilisema wengi, sikusema wote. Na hujanijibu bado: kisichotahiniwa, nani atakipa kipindi?