Tupeane uzoefu: ajali za kazini zilizotokana na uchovu na usingizi, mwajiri wako alifanya nini?

MamaZuu
Habari za jioni wapendwa. Leo kwenye daladala ya Mbagala nimekaa na kijana mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko, nikamwambia pole mwanangu umepatwa na nini, akasema mashine mama, nilikuwa dabo, yaani zamu mbili mfululizo. Hilo neno limenirudisha mbali mpaka nimepitiliza kituo.

Mimi nilikuwa kiwanda cha ndoo na mabeseni ya plastiki, 2017. Unaingia saa 12 jioni unatoka saa 12 asubuhi, na anayekupokea asipofika supavaiza anakwambia unga zamu, ukikataa kesho getini unaambiwa leo watu wametosha. Siku hiyo nilikuwa nimeunga na usiku nikaingia tena. Kazi yangu kutoa beseni kwenye moldi, yaani kalibu, mlango wa mashine ukifunguka inatakiwa isimame yenyewe, lakini ile swichi ya mlangoni walishaifunga waya siku nyingi ili isipoteze muda. Nilisinzia nimesimama, mkono ukaingia wenyewe kama ulivyozoea, moldi ikafunga. Vidole viwili vya mkono wa kulia. Sikusikia maumivu kwanza, nilisikia joto. Aliyenipeleka hospitali ni mlinzi, kwa bodaboda. Ofisini walinipa laki tatu wakanisainisha karatasi nikiwa bado nalewa dawa na nilichosaini sikijui hadi leo.

Aliyepitia haya aandike jamani, na mwajiri alifanya nini.

Kisiki
Pole sana dada. Swichi kufungwa waya nimeikuta viwanda viwili nilivyopita.

Semi_Mzigoni
MamaZuu umenigusa, hili sijawahi kuliandika popote.

Nilikuwa naendesha semi Dar kwenda Tunduma, kuvuka Zambia hadi Kongo. Bandarini tulikaa foleni siku mbili kusubiri kupakia, usingizi wenyewe ni wa kwenye kiti kwa sababu foleni ikisogea na wewe unasogea, ukichelewa unapitwa. Tumepakia saa 4 usiku, tajiri mwenye gari anapiga simu mzigo umechelewa toka sasa hivi. Mizani Vigwaza foleni tena. Asubuhi niko Morogoro nikamwambia tajiri nilale masaa matatu, akasema wenzako washafika Makambako wewe unalala, kama umechoka niambie nilete dereva mwingine. Nina watoto wanne, nikawasha gari.

Hifadhi ya Mikumi niliivuka lakini siikumbuki. Yaani kilomita hamsini zile zenye matuta na wanyama sikumbuki hata tuta moja, nimeendesha macho wazi akili imelala. Tukaingia kule bonde la mibuyu kabla ya Ruaha Mbuyuni, jua kali, utingo wangu naye kalala, kijana wa miaka 22. Nilichokiona ni mbuyu uko katikati ya barabara nikajiuliza mbuyu umeingiaje barabarani, kumbe mimi ndiye nimetoka barabarani. Nilikata kulia, upande wa kushoto ndio ukapiga, upande wa yule dogo. Alibanwa miguu masaa mawili ananiita braza usiniache na mimi nimemshika mkono dirishani sina cha kufanya. Alipona ila mguu mmoja ulikatwa chini ya goti.

Tajiri alipofika swali la kwanza mzigo umeibiwa? Wallahi. Dogo hakuwa na mkataba, alisema utingo ni wa dereva simjui. Mimi nikafunguliwa kesi. Nimeacha kuendesha. Kila mwisho wa mwezi namtumia dogo kidogo nilichonacho.

Rehema_T
Nimesoma nalia. Mungu akutie nguvu kaka.

Kisiki
Dogo yuko wapi sasa hivi? Anafanya nini?

Semi_Mzigoni
Yuko kwao Kilosa anashona viatu.

Fundi Mkuu
Poleni ila tuseme ukweli. Dereva ukichoka unapaki, hakuna anayekushikia usukani. Usingizi ni uzembe, mimi nina vijana 15 kwenye saiti na anayesinzia namrudisha nyumbani.

Semi_Mzigoni
Unamrudisha nyumbani na hela yake ya siku au bila hela?

Fundi Mkuu
Ya kazi gani ambayo hajafanya?

Rehema_T
Sasa ndio maana hawakwambii wamechoka! Wewe ndio unawafundisha kuficha.

Fundi Mkuu
Dada hujawahi kusimamia watu. Ratiba ya mwenye jengo inanibana na mimi.

Wakili wa Mtaa
Fundi, ngoja nikuoneshe sheria inakosimama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na hata ukiongeza ovataimu jumla zisizidi 12 kwa siku. Kati ya kutoka na kuingia tena mtu apumzike saa 12, na kwa wiki saa 24 mfululizo. Ovataimu ni kwa makubaliano, si kwa kutishiwa getini. Kwa hiyo MamaZuu aliyewekwa dabo, kosa lilianza kwenye ratiba kabla hajasinzia. Na swichi iliyofungwa waya hiyo ni ya OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, moja kwa moja, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, mashine lazima iwe na kinga.

Halafu fidia. WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unachangiwa na mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata shilingi, na haumuulizi mtu nani mzembe. Ukiumia kazini unatibiwa, na kipindi huwezi kufanya kazi unalipwa asilimia 70 ya mshahara. Mwajiri anatakiwa aripoti ndani ya siku 7. Dai lako lisipite miezi 12.

Sista wa Zamu
Hospitalini nako. Usiku wa tatu mfululizo niko peke yangu wodini, saa 10 alfajiri nikarudishia kifuniko cha sindano, kitu tulichokatazwa tangu chuoni, nikajichoma. Mgonjwa hali yake siijui. PEP, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, unatakiwa uanze ndani ya saa 72 na unakunywa siku 28, nilikunywa huku naendelea na zamu zilezile. Matroni aliniambia kuwa makini. Majibu yalitoka salama lakini ile miezi sitaki kuikumbuka.

Juma Kahawa
Kwa shifti ya usiku kahawa chungu na tangawizi, tafuna na karanga. Mimi miaka sita sijasinzia.

Sista wa Zamu
Kaka usidanganye watu, kahawa inaficha uchovu haiutoi. Dawa ya usingizi ni kulala, hata dakika 20.

Juma Kahawa
Ukilala dakika 20 kwenye lindo langu unaamka huna kazi.

Pwani_254
Huku Kenya ni WIBA, sheria ya fidia ya wanaoumia kazini ya 2007, nayo mwajiri ana siku saba kuripoti. Lakini mabosi wengi wanakukimbiza hospitali ya kibinafsi wanalipa bili halafu kimya. Picha ya mahali, majina ya walioona, karatasi ya daktari, weka vyote mwenyewe.

MamaZuu
Wakili, miezi 12 kwangu imepita zamani. Ila yule kijana aliniambia ana wiki mbili tu, na ofisi wamemwambia apone kwanza ndio wataongea.

Wakili wa Mtaa
Asisubiri kupona! Asisaini karatasi yoyote, na kama mwajiri haripoti aende WCF mwenyewe na karatasi za hospitali. Unaweza kumpata?

MamaZuu
Alishuka Rangi Tatu akaingia duka la dawa linalotazamana na kituo. Kesho asubuhi naanzia hapo kuulizia.