Dallas ina sehemu 357: nitazame zipi kabla ya kuandika tamthilia ya familia ya matajiri?

Mwandani_Tanga (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naandika tamthilia ya runinga, sehemu 26 za dakika 45, kuhusu familia ya Kiislamu ya Tanga yenye malori na magodauni: baba mzee aliye hai, mama, wana watatu na wake zao. Rasimu ya sehemu 6 ipo tayari, na kila anayeisoma anatoa kasoro ileile: nyumba nzuri, magari mazuri, lakini hakuna kinachomfanya mtu aisubiri wiki ijayo.

Nimeshauriwa nikasome ufundi wa tamthilia za Marekani za miaka ya 1980, Dallas na Dynasty hasa. Nina wiki 5 na nafasi ya sehemu 45 hivi. Nianzie wapi, niruke nini? Ni kitu gani hasa kiliwashika watazamaji? Na wao walikosea wapi?

Kisima_cha_Tano

Kwanza hesabu ya misimu, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Dallas ilianza Aprili 1978 kwa sehemu 5 tu, kama tamthilia fupi ya majaribio. Wapo wanaozihesabu kuwa msimu wa 1, jumla inakuwa misimu 14. Wapo wasiozihesabu, jumla inakuwa 13. Ukiambiwa "tazama msimu wa 3" bila kuuliza kwa hesabu ipi, utaangukia mwaka mwingine kabisa. Fuata tarehe.

Orodha yangu kwako:

Zile 5 za 1978, zote. Pamela Barnes anaolewa na Bobby Ewing na kuingia Southfork, nyumba ya watu wanaochukiana na baba yake. Ugomvi una mizizi miwili: Digger Barnes, baba yake Pamela, anaamini Jock Ewing, baba yake Bobby, alimdhulumu visima vya mafuta, tena akamchukulia mchumba, Ellie, ambaye sasa ni mke wa Jock. Mali na moyo katika kesi moja. Angalia jinsi mgeni mmoja tu mlangoni anavyomlazimu kila mwenyeji kuonyesha alivyo.

Kisha, kwa ajili ya lile swali maarufu la nani alimpiga risasi J.R., kaka mkubwa wa Bobby: 5 za mwisho za msimu unaofungwa tarehe 21 Machi 1980, na 4 za mwanzo za msimu unaofuata, hadi 21 Novemba 1980.

Halafu msimu mzima wa 1982 hadi 1983, sehemu 28. Huu usiuguse kwa kurukaruka. Jock amefariki (mwigizaji wake, Jim Davis, alifariki Aprili 1981) na wosia wake unasomwa mwanzoni: J.R. na Bobby kila mmoja aendeshe nusu ya Ewing Oil, kampuni ya mafuta ya familia, kwa mwaka mmoja. Atakayeingiza faida kubwa zaidi achukue asilimia 51, atakayeshindwa 19. Mama yao na ndugu wengine wawili, Gary na Ray, asilimia 10 kila mmoja. Baba kaburini, na bado anawapiganisha. Kwa karatasi moja waandishi walipata uwanja, saa inayohesabu na kombe, na kila sehemu ikawa na swali lake tayari: leo nani yuko mbele?

Jumla 42. Zinazobaki 3 ziweke kwa Dynasty.

Mama_Skripti

Mwanangu, utajiri haumshiki mtu zaidi ya sehemu mbili. Macho yanazoea. Kinachoshika ni kwamba hawa watu hawawezi kuondoka.

Jiulize, J.R. ana pesa za kujenga majumba kumi. Kwa nini anaishi na mkewe kwenye chumba cha ghorofani nyumbani kwa mama yake? Kwa Marekani hilo ni jambo la ajabu, sisi huku tunaliona la kawaida, na hiyo ni bahati yako. Waandishi waliwafungia wote chini ya paa moja makusudi. Tazama sebule ya Southfork jioni kabla ya chakula. J.R. yuko kwenye meza ya vinywaji, anajimiminia wiski, mgongo kwa watu. Sue Ellen, mkewe, anashuka ngazi. Pam na Bobby wanaingia kutoka kazini. Mtu anauliza habari za leo, mwingine anajibu kwa upole neno lenye mwiba, na Miss Ellie, mama mwenye nyumba, anasema tukale. Dakika mbili, hakuna aliyepaza sauti, na umeshajua nani kamfanyia nani nini. Onyesho hilo wanalirudia mara nyingi mno na halichoshi, kwa sababu kila jioni mtu mmoja anaingia sebuleni akiwa na siri ambayo jana hakuwa nayo.

Kazi ya kufanya kabla ya kugusa rasimu: orodhesha wahusika wako wakuu. Wakiwa 8, una jozi 28. Kwa kila jozi andika mstari mmoja: huyu ameshika kitu gani ambacho yule anakihitaji? Deni, siri, saini, mtoto, msamaha. Jozi zikibaki tupu zaidi ya 8 au 9, hapo ndipo msomaji anaposinzia. Na kila mtu asiwe na pa kukimbilia bila kupoteza kitu anachokipenda kweli.

Fundi_Taharuki

Naongezea kwenye "nani alimpiga risasi J.R.", maana watu huiga risasi wakasahau kilichotangulia. Usiku wa 21 Machi 1980 J.R. anapigwa ofisini na hatumwoni mpigaji. Jibu lilitoka 21 Novemba, na Marekani pekee takriban watu milioni 83 walitazama. Muda ulirefushwa na mgomo wa waigizaji wa mwaka ule, lakini mgomo peke yake usingemweka mtu roho juu miezi minane.

Hesabu alichofanya J.R. kabla ya risasi. Aliwauzia washirika wake visima vya Asia akijua vinakaribia kutaifishwa, wakafilisika. Alikuwa anapanga kumfungia mkewe hospitali ya wagonjwa wa akili. Alimtishia Kristin, shemeji yake ambaye pia alikuwa hawara yake. Alimfungia kisima Cliff Barnes, ndugu yake Pamela. Kila mmoja ana sababu, na kila sababu tumeiona kwa macho yetu. Mpigaji alikuwa Kristin, mtu wa ndani ya familia. Angekuwa jambazi wa barabarani, watazamaji wangehisi wameibiwa.

Makosa sasa. Dynasty, Mei 1985: harusi ya kifalme Moldavia, nchi ya kubuni, wanamapinduzi wanaingia kanisani na kumimina risasi, karibu wahusika wote wako sakafuni. Msimu uliofuata ukafunguliwa na waliokufa ni wawili tu, tena wa pembeni. Tamthilia iliyokuwa namba 1 Marekani ikamaliza mwaka ule namba 7. Ukimtisha mtazamaji kwa kifo, lipa. Kama huna nia ya kumpoteza mhusika mkuu, tishia kitu kingine: nyumba, jina, ndoa.

Ukhti_Mirathi

Mleta uzi, ule wosia wa Jock usiuhamishie Tanga kama ulivyo. Umesema familia ni ya Kiislamu. Kwenye sheria ya mirathi wasia hauvuki theluthi moja ya mali, na mrithi hausiwi mpaka warithi wengine waridhie. Zinazobaki zina mafungu yanayojulikana: mke thumni (moja ya nane) akiwepo mtoto, mtoto wa kiume mafungu mawili kwa moja la wa kike. Baba hawezi kusema "atakayeshinda achukue 51". Mtazamaji wa Tanga atalibaini hilo dakika ileile na hatakuamini tena.

Lakini sheria yenyewe inakupa moto mkali zaidi. Baba ana ruhusa ya kutoa hiba, yaani zawadi, akiwa hai, ila lazima mali ikabidhiwe kweli kwa aliyepewa. Na hiba iliyotolewa katika maradhi ya mauti huhukumiwa kama wasia. Basi: mzee anaugua, anamwita mwana wa pili usiku, anamkabidhi funguo za magodauni na kutia saini hisa za kampuni mbele ya mashahidi wawili. Wiki tatu baadaye anafariki. Je, alikuwa mgonjwa wa kufa au mgonjwa wa kupona? Daktari, mashahidi, mke, dereva aliyempeleka hospitali, wote wanakuwa na thamani ghafla. Hapo una sehemu 10.

Na mtoto wa nje ya ndoa, kama alivyogundulika Ray Krebbs kuwa mwana wa Jock: kwako hamrithi baba. Kwa hiyo mzee akimpenda, njia yake ni ile theluthi ya wasia, au hiba. Upendo wa mzee wote unabanwa kwenye theluthi hiyo, na watoto wa ndoa wataigombania kuliko gari lolote.

Mwandani_Tanga (mleta uzi)

Dada, hilo la maradhi ya mauti limenifungua kabisa. Shukrani kwenu wote. Swali la nyongeza: nina nyumba moja tu ya kurekodia, sehemu ya nje na vyumba vitatu. Na Dynasty nitazame zipi?

Pazia_Jekundu

Nyumba moja inatosha. Southfork ni nyumba halisi, iko Parker, Texas, lakini maonyesho ya ndani yalirekodiwa studio California. Dynasty hadithi iko Denver, nyumba unayoiona mwanzoni ni Filoli, nayo iko California. Piga picha nyingi za nje kwa siku moja, asubuhi, mchana na usiku, uzitumie msimu mzima. Ndani, chagua sebule, ofisi ya mzee na jiko. Kisha weka hafla moja inayowakutanisha maadui kwa lazima. Dallas walikuwa na dhifa ya matajiri wa mafuta kila mwaka. Wewe una Maulidi, una harusi, una hitima.

Dynasty tazama mbili za mwisho za msimu wa kwanza, 1981, na ya kwanza ya msimu wa pili. Mwanzo walikuwa wanagawa muda kati ya tajiri Blake Carrington na wafanyakazi wa visima, watu hawakuvutika sana. Kisha mahakamani, kwenye kesi ya Blake, anaingia shahidi mwenye shela usoni: Alexis, mkewe wa zamani. Msimu wa pili Joan Collins, mwigizaji wa Alexis, anaivua ile shela na tamthilia inabadilika. Sikiliza: anajua kila kona ya nyumba ile kuliko mke wa sasa. Mgeni wa Dallas haijui nyumba, wa Dynasty anaijua kupita kiasi. Chagua mmoja.

Mama_Skripti

Na J.R. usimwandike kama shetani. Larry Hagman alimwigiza kwa tabasamu, na ubaya wake wote aliufanya kwa jina la baba yake na kampuni. Mwana wako mbaya apende kitu kwa dhati, na kitu hicho kiwe kilekile ambacho wengine wanakipenda.

Kisima_cha_Tano

La kuruka: Dallas ya 1985 hadi 1986, sehemu 31. Bobby alifariki Mei 1985, mwaka mzima ukapita, kisha Mei 1986 Pam akamkuta bafuni anaoga. Yote ilikuwa ndoto. Walitaka kumrudisha Patrick Duffy, mwigizaji wa Bobby, na njia waliyoichagua ikafuta ndoa, vifo na madeni ya mwaka mzima. Knots Landing, tamthilia iliyozaliwa na Dallas, ilikuwa imeshamwomboleza Bobby na haikuirudia hadithi yake. Kule alibaki marehemu. Kabla hujamfukia mzee wako, mwite mwigizaji wake, muulize kama yuko tayari kutorudi.